Mdhamini na Mahakama ya Mbali: Vifungu Viwili vya Kusoma Kabla ya Kuweka Saini



Siku hizi si ajabu kijana wa nyumbani kuja na mkataba mnene kwapani, akisema anataka kufungua mkahawa, duka la kahawa au duka la nguo lenye jina kubwa la nje. Kwa mzee wake anataka vitu viwili, baraka na saini. Baraka ni jambo jema. Leo nataka kuzungumza juu ya saini, khasa ile inayowekwa kwenye hati fupi ya mwisho iitwayo hati ya dhamana. Ndani ya hati hiyo mna vifungu viwili ambavyo watu wengi huviruka. Kimoja kinataja mahakama itakayosikiliza kesi. Cha pili kinataja anwani au mtu wa kupokea samansi kwa niaba ya mdhamini.

Mimi si wakili. Nilikuwa karani. Nilisoma shule ya mapadri Unguja, nikaja Oman katika miaka ya sabini kama wengi wetu, nikafanya kazi ya ofisi za biashara Ruwi mpaka nikastaafu. Mwalimu wetu mmoja wa Kiingereza alikuwa akiturudishia barua nzima, hata iwe nzuri namna gani, ikiwa anwani yake haikukamilika. Akisema barua isiyofika haikuandikwa. Nilimwona mkali bure. Nilikuja kumwelewa nikiwa na umri wa miaka zaidi ya sitini, na somo hilo tulilinunua ghali.

Yaliyotufika

Mpwa wangu alitaka kufungua duka la kahawa la kampuni moja ya nje, ambayo ofisi yake ya eneo hili ilikuwa katika mji wa nchi jirani. Mkataba wenyewe ulikuwa na kurasa zaidi ya sitini, na nyuma yake pamebanwa hati ya dhamana ya kurasa nne. Baba yake, ambaye ni shemeji yangu, ndiye aliyetakiwa kuwa mdhamini. Kwa kuwa Kiingereza chake ni cha kuombea maji, aliniita kwenye majlis yake nimsomee.

Nilimsomea mkataba mkubwa kwa siku mbili. Ada, vifaa, muda, rangi za ukuta, yote nilimfasiria. Tulipofika kwenye zile kurasa nne nilikuwa nimechoka, na chai imepoa. Nikamwambia, “Hii ni karatasi ya kawaida tu, shemeji. Inasema utalipa kijana akishindwa.” Akatia saini, nami nikatia yangu chini kama shahidi.

Duka lilidumu miaka mitatu. Likafungwa, kijana akarudisha funguo kwa mwenye jengo, akaenda kutafuta kazi. Barua zilizofuata zilipelekwa kwenye anwani ya duka, ambalo sasa lilikuwa la fundi simu. Samansi ilipelekwa kwa ofisi moja katika ule mji wa jirani, ambayo hati ya dhamana ilisema ni wakala wetu wa kupokea nyaraka za mahakama. Hatukuwahi kuijua ofisi hiyo, wala haikututumia hata mstari mmoja. Kesi ikasikilizwa bila ya sisi, hukumu ya upande mmoja ikatolewa. Shemeji alikuja kuyajua hayo siku alipotaka kuuza fleti yake iliyoko huko huko, aliyoinunua kwa jasho la miaka mingi, akaambiwa imezuiliwa kwa amri ya mahakama.

Wakili tuliyemwendea aliuliza swali la kwanza: “Mliitwa mahakamani?” Shemeji akajibu kwa nguvu kwamba hakuitwa. Wakili akafungua ukurasa wa tatu wa ile hati, akaweka kidole. Nikausoma mstari ule kwa mara ya kwanza, na chini ya ukurasa uliofuata ilikuwepo saini yangu.

Maneno ya kufahamu

Imtiyazi, ambayo wengine huiita franchaizi, ni biashara ya kukodishwa jina. Mwenye jina anakupa ruhusa ya kutumia chapa yake, mapishi yake na utaratibu wake. Wewe unaweka mtaji, unalipa ada ya kuingia, kisha unalipa sehemu ya mauzo kila mwezi. Duka ni lako kwa hasara, na jina ni lake daima.

Kwa kawaida kijana anafungua kampuni, na kampuni ndiyo inayotia saini mkataba mkubwa. Kampuni ikianguka, deni lingeishia kwenye mali ya kampuni. Mwenye jina analijua hilo, ndiyo maana anataka mtu mwenye nyumba, shamba au akiba asimame nyuma ya kampuni kwa mali yake mwenyewe. Huyo ndiye mdhamini. Kwa Kiarabu dhamana hii ni kafala, na mdhamini ni kafil.

Hapo pana mtego wa lugha kwetu tunaoishi Ghuba. Neno kafil tumelizoea kwa mambo ya viza na kazi, kiasi kwamba mtu akiambiwa “utakuwa kafil wa mwanao” anadhani ni jambo la kumsimamia kijana tu. Kafil wa deni ni mtu mwingine. Sheria ya Miamala ya Kiraia ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Kisultani namba 29/2013, ina sura yake juu ya kafala, na maana yake ni kuunganisha dhima ya mdhamini na dhima ya mdaiwa. Deni la mmoja linakuwa limepata migongo miwili.

Hati nyingi za dhamana zinaongeza maneno ya kwamba mdhamini atawajibika pamoja na kampuni na pia peke yake. Tafsiri yake ni kwamba mdai halazimiki kumaliza kwanza na kampuni. Anaweza kuanza na mzee.

Kifungu cha mahakama

Kifungu hiki kinataja mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni sheria ya nchi gani itatumika kuufasiri mkataba. La pili ni mahakama ya wapi itasikiliza kesi. Mahakama ya Dubai inaweza kutakiwa kutazama mkataba uliofungwa kwa sheria ya Uingereza. Kwa hiyo soma yote mawili.

Kisha tazama kama mahakama hiyo ni ya pekee au ni mojawapo. Ikiwa ni ya pekee, pande zote zimekubali kwenda hapo tu. Ikiwa si ya pekee, kesi inaweza kufunguliwa na kwingine. Iko pia aina ya tatu, ambayo ndiyo ya kuangaliwa sana: mdhamini anafungwa kwenda mahakama moja tu, lakini mwenye jina anabaki na uhuru wa kumfuata popote penye mali yake. Kamba hiyo imefungwa upande mmoja.

Jina la mahakama nalo lisomwe neno kwa neno. Dubai, kwa mfano, ina mahakama za kawaida zinazoendesha kesi kwa Kiarabu, na ina mahakama za kituo cha fedha, DIFC, zinazoendesha kesi kwa Kiingereza kwa utaratibu unaofanana na wa Kiingereza. Tangu mwaka 2011 watu wasiokuwa na uhusiano wowote na kituo hicho wanaweza kuzichagua mahakama zake kwa maandishi. Kwa hiyo maneno “mahakama za Dubai” na “mahakama za DIFC” yanaelekea kwenye milango tofauti.

Mikataba mingine haitaji mahakama, inataja usuluhishi mbele ya wasuluhishi wa kulipwa. Ikiwa hivyo, linganisha mkataba mkubwa na hati ya dhamana. Inatokea mkataba mkubwa unasema usuluhishi, na hati ya dhamana inasema mahakama. Hapo kijana atashitakiwa pahala pamoja na baba yake pahala pengine, kwa deni lile lile, na mawakili watalipwa mara mbili.

Kifungu cha samansi

Mahakama za dunia nzima zina kanuni moja ya uadilifu: mtu asihukumiwe bila ya kupewa khabari ya kesi na nafasi ya kujibu. Kumpelekea mtu samansi nje ya nchi kuna taratibu zake na huchukua muda. Nyaraka hupitia wizara za nchi mbili, au hufuata mikataba ya kimataifa kama ule wa The Hague wa mwaka 1965, ambao Marekani, Uingereza na Kuwait ni wanachama wake.

Mwenye jina hataki usumbufu huo. Kwa hiyo anaweka kifungu kinachosema kwamba mdhamini amekubali mapema kupelekewa samansi kwa njia nyepesi. Inaweza kuwa kwa barua ya rejista kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya hati, au kwa baruapepe, au kwa kumkabidhi wakala aliyetajwa ambaye yuko katika mji wa mahakama ile. Mara nyingi kifungu kinaongeza kwamba samansi itahesabiwa imefika hata kama wakala hakumjulisha mdhamini.

Sheria za nchi nyingi zinakubali makubaliano ya aina hii. Katika sheria za Kiarabu liko jambo linaloitwa mawtin mukhtar, yaani makazi ya kuchagua, ambapo mtu anachagua pahala pa kupelekewa nyaraka za shughuli fulani. Sheria ya kiraia ya Misri inalitaja waziwazi. Kanuni za mahakama za Uingereza nazo zinaruhusu samansi kupelekwa kwa njia iliyokubaliwa ndani ya mkataba. Tena tangu mwaka 2021, mkataba ukiwa umechagua mahakama za Uingereza, mdai hahitaji tena kuomba ruhusa ya kupeleka samansi nje ya nchi hiyo.

Ndugu zangu, kama mtasahau yote ninayoyasema, kumbukeni hili moja. Kifungu cha mahakama kinakupeleka mbali, na kwenda mbali kunalipika kwa tikiti na wakili. Kifungu cha samansi kinaweza kukufanya usijue kwamba ulitakiwa uende. Utetezi mkubwa wa mdhamini aliyehukumiwa asiwepo ni kusema “sikuitwa”. Mstari mmoja wa anwani unaweza kuuondoa utetezi huo kabla kesi haijazaliwa.

Kesi mbili za Marekani zinazofundisha

Biashara ya imtiyazi ilikulia Marekani, na huko majimbo yao yana mahakama mbalimbali, kwa hiyo swali la “mahakama ya wapi” wamelipigania sana.

Mwaka 1979 mhasibu mmoja wa Detroit, jimbo la Michigan, John Rudzewicz, pamoja na mwenzake walichukua imtiyazi ya Burger King ya miaka 20 kwa mkahawa ulioko huko huko Michigan. Rudzewicz alijifunga yeye binafsi kwa malipo ya zaidi ya dola milioni moja katika muda wote wa mkataba. Mauzo yakashuka, malipo yakachelewa, na kampuni ikafungua kesi Miami, Florida, kwenye makao yake makuu. Rudzewicz alisema yeye ni mtu wa Michigan na mahakama ya Florida haina mamlaka juu yake. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa hoja yake. Iliona kwamba alijifunga kwa hiari na kampuni ya Florida kwa miaka mingi, kwamba malipo na khabari zote zilikuwa za kwenda Miami, na kwamba mkataba ulichagua sheria ya Florida. Kwa hiyo hakuweza kusema ameshitukizwa. Hukumu dhidi yao ilikuwa ya dola 228,875. Kwa hiyo hata kuchagua sheria tu, bila ya kutaja mahakama, kunaweza kuhesabiwa dhidi yako.

Kesi ya pili ni ya mwaka 1964. Wakulima wa Michigan walikodi mashine mbili za kutotolea vifaranga kutoka kampuni ya New York. Mwisho wa mkataba, kwa maandishi madogo, paliandikwa kwamba wamemteua mwanamke mmoja wa New York kuwa wakala wao wa kupokea samansi. Hawakumjua, wala mkataba haukumlazimisha kuwajulisha. Waliposhitakiwa, alipokea nyaraka na akawatumia kwa posta siku ile ile. Majaji 5 dhidi ya 4 walisema uteuzi ule ni halali, na walitilia maanani kwamba yule mama aliwapelekea khabari mara moja. Wakulima wale walikuwa na bahati ya kupata wakala mwaminifu. Shemeji yangu hakuipata.

Afrika Mashariki

Wengi wetu tuna mali au ndugu wenye biashara Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Unguja, kwa hiyo tutazame na huko.

Kenya ina hukumu mashuhuri ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1985, kati ya United India Insurance na East African Underwriters. Msimamo wake ni kwamba watu waliokubaliana kwenda mahakama ya nchi fulani watashikwa na neno lao, mpaka yule anayetaka kulikimbia aonyeshe sababu nzito. Mahakama inatazama mashahidi wako wapi, sheria ya wapi inatumika, na kama mtu kweli atakosa haki huko aendako. Umbali peke yake na gharama ya safari hautoshi, kwa sababu hayo yalijulikana siku ya saini.

Tanzania, Kenya na Oman zote zimeingia katika mkataba wa New York wa mwaka 1958 juu ya tuzo za usuluhishi: Tanzania mwaka 1964, Kenya mwaka 1989 na Oman mwaka 1999. Kwa hiyo tuzo iliyotolewa London au Singapore inaweza kumfuata mdhamini Maskati na pia Mombasa.

Oman inasemaje

Swali la mahakama ya nani lina historia ndefu hapa kwetu. Mkataba uliotiwa saini Maskati mwaka 1833 kati ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani ulimpa balozi mdogo wa Marekani mamlaka ya peke yake ya kuamua magomvi baina ya Wamarekani wenyewe. Na mabaharia wa Sur waliopeperusha bendera ya Ufaransa kwenye majahazi yao walizua mzozo kati ya Uingereza na Ufaransa juu ya nani mwenye mamlaka juu yao, mpaka shauri likapelekwa kwa wasuluhishi wa The Hague, walioamua mwaka 1905. Babu zetu walijua kwamba karatasi ya bendera inaweza kumhamisha mtu kutoka kwa hakimu mmoja kwenda kwa mwingine. Karatasi ya dhamana nayo inaweza.

Leo mamlaka ya mahakama za Oman yanasimamiwa na Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Kiraia na Biashara, Amri ya Kisultani namba 29/2002. Sheria hiyo inazipa mahakama zetu uwezo wa kusikiliza kesi dhidi ya Muomani hata kama hana makazi nchini, isipokuwa kesi zinazohusu mali isiyohamishika iliyoko nje. Kwa hiyo mdhamini Muomani anaweza kushitakiwa hapa hata kama hati yake inataja mji mwingine.

Hukumu ya nje ikiletwa hapa ili ikazwe, kifungu cha 352 cha sheria hiyo kinaweka masharti. Hukumu iwe imetolewa na mahakama yenye mamlaka, iwe ya mwisho, isiwe imepatikana kwa udanganyifu. Pande zote ziwe ziliitwa na kuwakilishwa ipasavyo. Isigongane na sheria za Oman wala na hukumu iliyokwisha tolewa hapa, wala isivunje utaratibu wa umma na maadili. Na nchi iliyoitoa nayo iwe inakubali kukaza hukumu za Oman. Msomaji ameliona sharti la kuitwa ipasavyo. Ndipo kile kifungu cha anwani kinapofanya kazi yake, kwa sababu mdai atasema mdhamini aliitwa kwa njia aliyoichagua mwenyewe.

Kwa hukumu za majirani njia ni nyepesi zaidi. Uko mkataba wa nchi za Ghuba wa mwaka 1996 juu ya kukaza hukumu na kupeleka nyaraka za mahakama, na uko mkataba wa Riyadh wa mwaka 1983 baina ya nchi za Kiarabu. Mtu asidhani kwamba kuvuka mpaka wa Hatta au wa Buraimi kunalifuta deni.

Kwa biashara yenyewe, Saudia ilitoa sheria maalumu ya imtiyazi mwaka 2019. Hapa Oman mikataba hii kwa miaka mingi imetazamwa kwa Sheria ya Biashara ya mwaka 1990 na sheria za kiraia, na pia kwa Sheria ya Mawakala wa Biashara ya mwaka 1977 pale inapohusika. Tangu mwaka 2018 Oman ina kituo chake cha usuluhishi wa biashara. Kijana anayejadiliana na kampuni ya nje anaweza kupendekeza kituo hicho, badala ya kukubali kila anachoandikiwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya saini

Haya ndiyo ninayowauliza sasa vijana wanaoniletea karatasi, na sitii saini ya shahidi mpaka niyapatie majibu.

Kwanza, dhamana ina kikomo cha fedha na cha muda? Hati isiyokuwa na kikomo inaweza kudai ada za miezi iliyobaki hata baada ya duka kufungwa. Omba kiasi kiandikwe kwa riyali na tarehe ya mwisho itajwe.

Pili, mahakama gani imetajwa, na ni ya pekee kwa pande zote mbili au kwa mdhamini tu? Mdhamini ana mali yoyote katika nchi hiyo? Fleti ya Dubai au akaunti ya London ndiyo itakayoguswa mwanzo.

Tatu, samansi itapelekwa wapi? Isiwe anwani ya duka, kwa sababu duka likifungwa anwani imekufa. Iwe nyumbani kwa mdhamini, pamoja na sanduku lake la posta, na nakala kwa baruapepe ya mtu wa pili katika familia.

Nne, kama yuko wakala, ni nani, analipwa na nani, na atakaa katika kazi hiyo mpaka lini? Wakala aliyeteuliwa na mwenye jina na kulipwa naye ana sababu gani ya kumkimbilia mzee wa Maskati na khabari? Mteue wako, hata kama ni ofisi ya wakili wa gharama ndogo, na muandikiane kwamba atakujulisha siku hiyo hiyo.

Tano, mdhamini akihama, atoe taarifa vipi? Hati nyingi zinasema anwani ya zamani itaendelea kutumika mpaka taarifa ya maandishi ipokelewe. Peleka taarifa hiyo, pata risiti, uihifadhi pamoja na hati ya nyumba.

Sita, iko tafsiri ya Kiarabu, na ikigongana na Kiingereza ipi itashinda? Mahakama za Oman zinafanya kazi kwa Kiarabu, na hati ya lugha ya kigeni italetwa kwa tafsiri.

Na ikiwa karatasi ya mahakama ya mbali imekufikia, usiitie kwenye droo ukisema huko si kwetu. Andika tarehe na saa uliyoipokea, hifadhi bahasha pamoja na stempu yake, mpelekee wakili siku hiyo hiyo. Pingamizi la mamlaka ya mahakama hutakiwa kutolewa mwanzo kabisa. Mtu akinyamaza, au akianza kujibu juu ya deni lenyewe, anaweza kuhesabiwa ameikubali mahakama hiyo.

Neno la mwisho

Shauri letu lilimalizika kwa sulhu. Fleti iliuzwa, deni likalipwa, kilichobaki kilikuwa kidogo. Mpwa wangu ana kazi nzuri sasa, na kila mwezi humpelekea baba yake fungu lake bila ya kuambiwa.

Shemeji hajawahi kunilaumu. Kila Ijumaa baada ya sala tunakaa kwenye majlis ile ile, ananimiminia kahawa kwa mkono wake. Mwaka jana alinipa karatasi ya mkataba wa kupangisha nyumba yake ndogo ya Seeb, akasema, “Nisomee, shemeji.” Nilivaa miwani, nikaanza na anwani iliyoko juu kabisa, nikamaliza na herufi ya mwisho chini, na chai tuliagiza ya pili.